Tanbihi ya Hadithi ya Kumi na Tisa

Milano, 6 Oktoba 1956

Shangazi Argia mpendwa,

Nashikilia, na nitalitetea hilo mbele ya yeyote, kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuwahurumia walio hai kwa kuwadhulumu waliokufa. Mwandishi akimtaja mwizi, mfasiri naye amtaje. Mwandishi akimficha nusu, mfasiri amtoe mzima. Naanza na dai hili kabla ya salamu kwa sababu ndilo lililonilisha mwaka mzima, kuliko mkate.

Sasa salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limetulia, na zabibu za mteremko wa juu zimevunwa kabla mvua haijaziwahi. Mimi sijambo. Chumba changu ni cha baridi, na mwenye nyumba anapika kabichi kila siku ya Mungu, lakini dirisha linatazama maktaba, na hilo lanitosha.

Pamoja na barua hii nakuletea nakala mbili za kitabu changu. Nasema changu, ingawa mwenyewe alikufa miaka mia sita iliyopita bila kuacha jina. Ni *Siku Nne za Mvua*, zile hadithi thelathini za mji wetu ambazo Padri Ermete alikuwa akitusifia darasani bila kutusomea hata ukurasa mmoja: wabeba maiti wamekwama barazani pa kanisa, mto umefurika, jeneza liko katikati yao, na kila mmoja anasimulia ili siku ipite. Padri hakutusomea kwa sababu lugha ni ya kale mno, na kwa sababu msomi aliyekichapisha mara ya mwisho, enzi za babu yako, alitia nukta kila palipotokea paja la mwanamke au kosa la mtawa. Nimeziondoa nukta zote. Nimekitia kitabu katika Kiitaliano ambacho muuza samaki wa hapa anaweza kukisoma akiwa amesimama kwenye tramu.

Ninayojivunia zaidi ni hadithi ya kumi na tisa. Mwaka wa tauni, mmoja wa wabeba maiti anamvua marehemu pete ya ndoa. Hakuna anayemjua, kwa kuwa Ndugu wa Serravecchia, kile chama chetu cha mazishi, wakati huo kama leo, hubeba wafu wakiwa wamefunika nyuso. Pete inakaa miaka ishirini katika kidole cha mke wa mwizi, na mjane wa marehemu anamsalimia mama huyo kila Jumapili bila kutambua kitu. Msimulizi anasema tu kwamba mwizi alikuwa "wa Mbweha". Wasomi wanne kabla yangu walipita hapo macho yamefumbwa. Mimi nilikaa siku kumi na moja katika daftari za ubatizo za parokia, nikaukuta ukoo wa Tafani ukiitwa "wa Mbweha" tangu mwaka 1863 hadi leo. Sikuona haja ya kurudi nyuma zaidi, maana mbweha wa jiwe bado yuko juu ya mlango wao. Tanbihi yangu inasema: "Mwizi huyu ni wa ukoo wa Tafani, ambao wangali wanaishi Serravecchia, katika nyumba ileile." Mistari miwili, Shangazi, na miaka mia sita imefumbuka.

Nakala ya pili mpe Duilio Tafani. Atacheka. Katika mji ule ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza ninasoma nini.

Mpwao mtiifu,
Folco Bandelloni


Serravecchia, 4 Novemba 1956

Mwanangu Folco,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Goti ni lilelile, limegeuka nabii wa mvua na halijakosea bado. Zabibu tulivuna kidogo, nusu ilikwenda na mvua ya mawe ya Agosti. Mbuzi wa Cesira amekufa, na Cesira amevaa nguo nyeusi kama kafiwa na mume. Watu wanasema mume hakuliliwa hivyo. Sasa tunakausha kokwa za kastanea, na nywele zangu zinanuka moshi hata kanisani.

Kitabu kimefika. Nimekisoma chote, hata pale ulipoondoa nukta. Usiogope, sikuzirai. Watu wanadhani mwanamke asiyeolewa hajui paja ni nini.

Siku ya Wafu Padri Ermete alikisoma kwa sauti katika ukumbi wa Ndugu, baada ya misa. Ukumbi ulijaa. Alisoma hadithi tatu, watu wakacheka, wakafurahi kwamba mji wetu umo kitabuni. Ya tatu ilikuwa ya kumi na tisa. Alipoimaliza, akateremka na macho hadi chini ya ukurasa, akasoma na yale maandishi madogo bila kuyapitia kwanza. Unamjua, akianza kusoma hasimami hata kengele ikilia.

Duilio ndiye aliyecheka wa kwanza. Akasema, "Ehe! Kumbe mimi ni mwizi wa kurithi, nami nilikuwa nikihangaika na jembe!"

Sestilio, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Ndugu, akamwambia, "Hebu pindua mifuko, mzee, tuone."

"Mifuko yangu ina matundu, Mkuu. Nikiiba leo, pete itakuwa barabarani kabla sijafika kwangu."

"Ndiyo maana tunakanyaga vitu barabarani!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nagawa mikate ya Siku ya Wafu, nikafika mbele ya Duilio na sinia. Alikuwa anacheka kwa mdomo tu. Mkate aliuchukua, akaushika mpaka mwisho bila kuuma.

Folco, naomba uiondoe ile mistari miwili. Kitabu kikichapishwa tena, iondoe. Usiniulize kwa nini. Wewe umesoma, sababu ya kisomi haitakushinda kuipata. Ni mimi ninayeomba, na sikumbuki ni lini niliwahi kukuomba kitu.

Nami nina habari yangu mwenyewe, lakini hiyo itangoja Pasaka.

Vaa fulana ya sufu.

Shangazi yako,
Argia


Milano, 2 Desemba 1956

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Nina shughuli ambazo sitakuchosha nazo. Nashukuru kwa kastanea; nimezigawa nusu kwa mwenye nyumba, na kwa siku mbili kabichi ilikoma. Namwombea Cesira faraja.

Ombi lako nimelipima kwa uzito unaostahili mtu aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, na jibu langu ni hapana. Niruhusu nieleze, maana kukukatalia bila hoja kungekuwa utovu wa adabu.

Unaniambia niondoe na nisiulize kwa nini. Yule msomi wa nukta alifanya hivyohivyo. Kuna mtu alimwendea, pengine askofu, pengine shangazi, akamwomba, naye akaondoa bila kuuliza; matokeo yake ni kwamba kwa miaka themanini Waitaliano wamesoma kitabu chenye mashimo. Mimi nimeyaziba mashimo hayo moja moja. Unataka nichimbe langu?

Pili, mwizi alikufa karne sita zilizopita. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayemdai mjukuu wa mjukuu pete ya mwaka wa tauni. Kama watu wa Serravecchia wanatania, ni utani. Duilio mwenyewe, kwa maneno uliyoniandikia, ndiye aliyeuanzisha. Kama anaumia, mbona haandiki yeye? Anajua kuandika, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Tatu, tanbihi hiyo si jambo dogo hapa. Profesa mmoja mwenye sauti kubwa katika taaluma yetu ameiita kito cha toleo zima.

Sikufungi mlango. Nipe hati, nami nitainama. Nipe karatasi moja yenye muhuri inayoonyesha kwamba nimekosea, nami nitaondoa mistari ile siku hiyohiyo na kutangaza kosa langu kwa jina langu. Bila hati unaniomba huruma, na huruma ikishaingia katika tanbihi hakuna ukurasa utakaoaminika tena.

Goti ulipashe moto kwa matofali, kama zamani.

Mpwao,
Folco


Serravecchia, 23 Desemba 1956

Mwanangu Folco,

Heri ya Krismasi. Mimi sijambo. Theluji imefika hadi ukingo wa kisima. Nimekutumia soksi na jibini. Jibini kata ukoko kwanza, panya wa posta si waungwana. Kanisani wamebadilisha mtoto Yesu wa pangoni, yule wa zamani alivunjika mkono. Huyu mpya ana mashavu kama mwenye hoteli.

Zelinda mkunga amefariki tarehe kumi na moja. Miaka themanini na tisa, alifia kitini pake, hakusumbua mtu. Nakueleza mazishi yake kwa sababu wewe hukuwepo na kitabu chako kilikuwepo.

Ndugu walikuja sita, kama desturi, majoho meusi, kofia zimeshushwa hadi kifuani, matundu mawili ya macho. Unajua kwa nini wanajifunika. Wafiwa wasijue wamshukuru nani, na mbebaji asipate sifa. Hata mke hatakiwi kujua kama mumewe alikuwa mmoja wao. Nimeishi miaka hamsini na nane na sijawahi kusikia mtu akiuliza. Binti wa Zelinda, Ornella, alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani na nani wako chini ya hizo kofia?"

Sestilio akasema, "Ornella, dada yangu, hilo haliulizwi. Limeulizwa lini?"

"Leo. Mama ana pete mbili na hereni. Vueni."

"Dada, Padri anangoja, theluji inaanguka."

"Na iendelee kuanguka. Wa Mbweha yumo au hayumo?"

Kisha wa tatu upande wa kushoto akashusha mti wa jeneza polepole, akavua kofia. Nywele zilikuwa zimemsimama kwa ajili ya kofia, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nimo, Ornella. Mama yako ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Nilidhani na mimi nimsindikize."

"Msindikize kwa macho."

Nyuma kuna mtu alicheka. Nimetafuta nani, sikumpata. Duilio akakunja kofia yake mara nne kama leso, akaitia mfukoni, akaenda zake kwa miguu, na wale wengine wakavua kofia zao mmoja mmoja ili Ornella aridhike. Jeneza likaenda na watano, nyuso wazi, na kila mmoja amekuwa mwekundu.

Tangu hapo tumezika mara tatu, na mara zote tatu wamevua. Hakuna tena anayengoja kuambiwa. Duilio amebeba wafu wa mji huu miaka arobaini, Folco. Hana kazi nyingine aliyoipenda. Sasa akipita, wanawake wanaficha mikono ndani ya aproni, wengine kwa mzaha, wengine bila mzaha. Na mtu anayefichiwa mikono hawezi kujua yupi ni yupi.

Sasa nikuambie kitu ambacho ungekijua kama hungepelekwa shule ya bweni ukiwa na miaka kumi. Sisi hapa tunaitwaje? Wa Mfinyanzi. Umewahi kumwona nani kwetu akigusa udongo? Baba yako? Mimi? Jina ni la nyumba. Anayehamia analikuta mlangoni na kulivaa, anayehama analiacha na misumari ukutani. Hapa kila mtu anajua hilo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuliandika. Wewe umedhani jina linakwenda na damu, kama majina ya wakubwa wa mjini.

Kuhusu hati, sina la kusema.

Iondoe ile mistari.

Argia


Milano, 20 Januari 1957

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, na nisamehe tena kuchelewa. Soksi nimezivaa, jibini nililipokea bila meno ya panya. Nimekuwa na homa ya siku tano, imekwisha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma hakiki yoyote. Sitakuficha kwamba nililia nilipofika pale pa kofia kukunjwa. Lakini machozi si hoja, na wewe hukunifundisha kuyatumia hivyo.

Hoja yako ya majina ya nyumba ni nzito. Nakiri sikuijua, na nakiri kwamba kwa mtu wa Serravecchia ni aibu kutoijua. Inaitikisa tanbihi yangu, ila haiiangushi. Inathibitisha kwamba mwizi huenda hakuwa Tafani. Haithibitishi kwamba hakuwa. Ili iangushwe, lazima ijulikane ni lini Watafani waliingia katika ile nyumba na nani alikuwamo kabla yao. Desturi inayojulikana na wote bila kuandikwa na yeyote ni kitu kizuri, lakini siwezi kuichapisha. Najua jinsi hili linavyosikika. Naliandika kwa kuwa ni kweli.

Toleo la pili linakwenda mtamboni mwezi Februari. Ningeweza kumwandikia mchapishaji kesho. Nakuomba subira hadi Machi. Kuna jambo fulani litakalokuwa limekwisha wakati huo, na baada yake nitakuwa na uhuru wa kusema mengi ambayo leo yangetafsiriwa vibaya. Usiniulize, nawe uliniomba nisiulize.

Mwambie Duilio avumilie wiki sita tu. Mwambie pia kwamba sijasahau nani alinibeba mabegani siku ya maandamano ya Mtakatifu wetu, baba alipokuwa mbele na joho lake la ukuu.

Folco


Serravecchia, 3 Machi 1957

Folco,

Salamu. Mimi ni mzima. Ni kweli, nami nashangaa.

Duilio alifariki tarehe kumi na tisa Februari, saa nane mchana. Homa ya mapafu. Daktari alikuja siku ya tatu akasema apelekwe hospitali leo hii, kule mjini. Gari la wagonjwa ni moja, na ni la Ndugu. Sestilio alilileta hadi chini ya mlango, injini ikiunguruma. Nilikuwepo.

Daktari akamwambia, "Mzee, twende."

"Nani ananibeba?"

"Ndugu wako hapa nje."

"Wakinibeba, waambie wafunike nyuso."

Sestilio akaingia mwenyewe, kofia mkononi, akasema, "Duilio, kaka, tutafunika. Tutavaa chochote utakacho. Twende."

Duilio akamtazama, kisha akageukia ukuta. "Mimi mikono yangu haikufaa kuwabeba watu wenu. Basi yenu haitanifaa. Niacheni."

"Usiwe mtoto, bwana."

"Niacheni."

Nilimsihi. Nilimsihi kwa namna ambayo sitaiandika. Gari lilingoja hadi mafuta yakapungua, likarudi. Siku mbili baadaye alikuwa amekufa.

Sasa nitakuambia yote, halafu ninyamaze.

La kwanza. Tungefunga ndoa Jumamosi baada ya Pasaka. Mimi nina miaka hamsini na nane, yeye sitini na moja. Tulitaka kukuambia ukija, ucheke mbele yetu badala ya kucheka peke yako Milano.

La pili. Hati unayo, nimeiweka humu ndani. Ni ya mwaka 1861, ina muhuri wa mwanasheria. Babu yangu alikuwa na nyumbu na hakuwa na zizi. Babu yake Duilio alikuwa na zizi na hakuwa na nyumbu. Wakabadilishana nyumba. Watafani walitoka humu kwa Mfinyanzi wakaenda kwa Mbweha. Sisi tulitoka kwa Mbweha tukaja hapa. Kabla ya mwaka huo, soma mwenyewe, nyumba ile ilikuwa ya Bandelloni "tangu kumbukumbu haijaanza". Mwizi wako ni wetu, Folco. Ana jina lako.

Utauliza kwa nini sikuileta mwezi wa kumi na mbili ulipoitaka. Niliitoa sandukuni usiku uleule barua yako ilipofika, na asubuhi nikampelekea Duilio. Alikuwa anajua. Bibi yake alimwambia akiwa mdogo. Alijua siku ile ukumbini, na mkate mkononi. Aliisoma hati, akairudisha katika bahasha, akasema, "Kaka yako alikuwa Mkuu wa Ndugu miaka ishirini. Ukiitoa hii watamsema kaburini, na kijana ana safari ndefu mbele yake. Mimi nimezoea kubeba." Akanifanya niahidi. Nikaahidi, nikijiambia kwamba wewe utaiondoa ile mistari kwa sababu tu nimekuomba. Nilikuwa na hakika.

La tatu. Muuza jibini alinifungia jibini kwa gazeti la Milano. Picha yako ilikuwa na mafuta lakini inaonekana vizuri. Umepewa kiti cha msaidizi wa profesa, na wameandika ni kwa ajili ya "ugunduzi wa hadithi ya kumi na tisa". Tarehe ishirini Februari. Sasa naelewa wiki sita zilikuwa za nini.

Mazishini walikuja Ndugu watano. Sestilio alipiga hodi kila mlango kutafuta wa sita. Mmoja mgongo, mmoja mafua, mmoja hakufungua. Nilikwenda nyumbani kwa Duilio, nikakuta kofia imekunjwa mara nne katika mfuko wa koti. Joho lilikuwa refu kwangu, nikalifunga kwa kamba. Mwanamke habebi maiti Serravecchia, unajua. Padri Ermete alitazama viatu vyangu, akaanza kuimba. Mlimani goti liligoma. Aliye nyuma yangu akaniambia, "Mungu akulipe, ndugu," kama wanavyoambiana wakipokezana, lakini sikumwachia mti.

Usinijibu.

Argia Bandelloni


Milano, 14 Aprili 1957

Shangazi,

Barua zangu mbili zimerudi na neno "Sipokei" kwa mwandiko wako. Hii naipitishia kwa Padri Ermete, naye nimemwomba, kama hutaifungua, aisome kwa sauti pale ukumbini, aisome hadi chini ya ukurasa kama alivyosoma ile nyingine.

Sitakuulizia goti. Nimepoteza haki hiyo.

Nilimwandikia mchapishaji siku niliyopokea hati. Toleo la pili lilikuwa limekwisha kushonwa. Nilikwenda mwenyewe, nikaambiwa kwa upole kwamba nakala elfu nne ziko njiani, na kwamba kama kutakuwa na toleo la tatu, watabandika kikaratasi cha masahihisho. Nilimpelekea profesa hati. Aliitazama kwenye mwanga, akavutiwa na muhuri, akasema: "Kosa la koo mbili za kijijini halimwangushi mtu. Andika makala, kijana. Toba mwandikie padri wako." Makala hiyo ingenipa sifa zaidi ya tanbihi. Fahamu hilo: hata ukweli, huku, ungenilipa. Sijaiandika. Kiti pia sijakiacha. Nakuandikia hili ili usinifikirie mtu bora kuliko nilivyo.

Dai nililoanza nalo sijaliacha. Bado nasema kwamba mwandishi akimtaja mwizi, mfasiri amtaje. Basi namtaja: ni Bandelloni. Ni damu ya baba yangu, yako na yangu, na Duilio Tafani alilijua hilo akanyamaza kwa ajili yangu, wakati mimi ninalipwa kwa kusema. Nimekosa kama msomi kwa kutorudi nyuma miaka miwili katika daftari za ubatizo. Nimekosa kama mtu kwa kungoja wiki sita. Kosa la kwanza nitalisahihisha kwa wino. La pili halina toleo la pili.

Lakini nimebishana maisha yangu yote na siwezi kuacha hapa. Mistari miwili niliiandika mimi. Kofia sikuzivua mimi. Kitabu hakikusimama mlangoni kwa Zelinda. Wazee wa mji ule walijua, kila mmoja wao, kwamba jina huenda na nyumba. Umeniandikia wewe mwenyewe kwamba hakuna asiyejua. Basi walijua pia kwamba tanbihi yangu ni upuuzi, tangu dakika Padri alipoisoma, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Ilikuwa tamu kuliko kuikanusha. Mimi nilikuwa mjinga aliyesoma. Wao hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo Jumapili ya tarehe ishirini na nane nitakuja. Baada ya misa nitasimama katika ukumbi wa Ndugu na kuisoma hati yote, na jina langu. Wakitaka kumsema baba yangu, wamseme nikiwa hapo. Wakitaka kunifichia mikono, waifiche. Sikuombi unipokee kwako, nitalala stesheni. Sikuombi unisamehe, maana ungenisamehe faraghani, kwa barua, na mambo ya faragha ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Ninachodai ni jibu la hadharani. Sestilio ajibu, aliyetaka mifuko ipinduliwe. Ornella ajibu, na yule aliyecheka nyuma yake, na yule asiyefungua mlango. Nawe Shangazi, ukiwa na joho au bila joho, ujibu mbele yao na mbele yangu. Msinijibu kuhusu tauni wala kuhusu mbweha wa jiwe. Swali langu ni moja, na nitaliuliza hadi mtu ajibu kwa sauti: katika miaka arobaini, Duilio Tafani alimwibia nani?

Folco Bandelloni